Nilipunguza Mwendo wa Gemu, Baba Akaamini Mkono Umepona

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana kisiwa chetu ni kidogo na watu wanajuana hadi kwa mwendo. Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, niliachika nikarudi kwa wazazi wangu Kiegeani, Mafia. Natandika vitanda kwenye hoteli moja Utende, ya wageni wanaokuja kuzamia kwenye hifadhi ya bahari. Nimechoka, jamani. Hapa naandika nimekalia ndoo nyuma ya chumba cha kufulia, miguu inawaka moto.

Baba yangu ni mkwezi. Minazi ya nusu ya kijiji ameikwea yeye, na wenye mashamba walikuwa wanamgombea kwa sababu haangushi dafu bila kuambiwa. Mwaka jana akapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kushoto ukabaki umelala. Hospitali wakasema auzoeshe, vidole vifanye kazi kila siku, wakampa kimpira cha kuminya. Alikiminya siku tatu, ya nne akawarushia kuku.

Kuna mgeni alikuja kusoma mambo ya papa potwe, alipoondoka akaniachia laptop yake kuukuu na pedi ya kuchezea. Ndani mlikuwa na emuleta, ile programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu, pamoja na gemu moja la mpira. Baba anapenda mpira kuliko wali. Nikaona dawa ndiyo hii.

Tatizo laptop yenyewe ilikuwa hoi. Memori ndogo, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, gemu linakwama kila hatua. Baba anabonyeza shuti, mchezaji anakuja kupiga wakati mpira umeshanyang'anywa zamani. Yeye akadhani kosa ni la vidole. "Unaona? Huu umeshakufa," akaniambia, akauangalia mkono wake kama si wake. Iliniuma sana. Nikaapa ile kompyuta itakimbia.

Wiki mbili kila nikitoka kazini nilikuwa naangalia video za mafundi wa mtandaoni. Nikazima programu zote zinazojiwasha zenyewe. Nikaifungua nikasafisha vumbi kwenye feni kwa brashi ya rangi ya kucha. Nikatafuta toleo la zamani la emuleta linalofaa kompyuta dhaifu, nikashusha ukali wa picha hadi nyuso za wachezaji zikawa kama madonge ya ugali, nikaiweka laptop itumie nguvu zake zote ikiwa kwenye chaja. Siku moja ikakubali, gemu likatiririka kama la kwenye vibanda vya Kilindoni. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Baba akafungwa saba bila. Aliweka pedi chini taratibu, akajifunika shuka usoni. Alilia mchana kweupe, mbele yangu na mama, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu akilia.

Hapo ndipo nilipokosea. Emuleta ina sehemu ya kupanga mwendo wa gemu. Nikaushusha hadi asilimia sitini, bila kumwambia. Mtangazaji akawa anavuta maneno kama mlevi, nikazima sauti, nikamwambia baba spika imekufa. Siku ile akashinda. Kesho yake akashinda tena. Ikawa kila akitoka kuswali Adhuhuri anakaa na pedi yake, anacheka, anamwita mama aje aone goli. Na sikatai, vidole vilianza kukunjuka, kikombe sasa anakishika. Lakini kila nikipandisha mwendo hata kidogo anafungwa, anasusa siku mbili, nami narudisha palepale. Miezi minne imepita. Mkono wa baba bado uko kwenye sitini, na anayejua ni mimi tu.

Juzi narudi nyumbani nakuta kitanzi chake cha kamba, kile anachovaa miguuni akikwea, kimelowekwa kwenye beseni ili kilainike. Bibi mmoja jirani alimwomba amuangulie nazi, naye amekubali. "Jumatatu naanza," akaniambia. "Kompyuta naipiga tano bila, mnazi ndio utanishinda?"

Nikamwambia, "Baba, ngoja kwanza daktari akuone."

"Daktari alinipa kimpira cha mtoto. Aliyeniponya ni wewe, mwanangu. Mungu akuweke."

 Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nimemweleza mama kila kitu. Aliendelea kupepeta mchele wake. "Mwache baba'ako na furaha yake. Akishaukumbatia mnazi atajua mwenyewe." Nikamuuliza, "Mama, atajua akiwa chini au akiwa juu?" Akaingia ndani na ungo wake.

Ndugu zangu, nimegeuka kila upande. Nikimwambia ukweli, pedi haigusi tena, namjua, na mkono utalala moja kwa moja. Nikipandisha mwendo kwa siri ili afungwe, ataona kiharusi kimerudi, na alivyo na presha, naogopa. Nikinyamaza, anapanda. Sikumdanganya kwa ubaya. Nilitaka tu acheke.

Leo ni Ijumaa. Ameniambia niombe ruhusa kazini, anataka mimi ndiye nisimame chini ya mnazi niokote nazi yake ya kwanza. Nimeomba, na nimepewa. Wenye wazazi na wenye hekima, nisaidieni kabla ya Jumatatu: nimwambieje baba yangu?