Maziwa ya Jirani na Jicho Langu la Kushoto

Sindano ya jicho inachukiza, asikudanganye mtu. Nilipanda basi, nikapita msitu wa Nyungwe hadi hospitali ya mbali, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshaua jicho langu la kulia. La kushoto, ninalolitegemea kwenye cherehani yangu hapa Kamembe, lilibaki kuona ukungu tu. Daktari alisema mishipa ya nyuma inavuja, na dawa lazima iingie ndani ya jicho lenyewe.

Walinimwagia jichoni dawa ya rangi ya chai ikashuka mpaka kooni, chungu. Wakanipanua kope kwa kichuma, kama wanavyompanua mbuzi mdomo sokoni wamwangalie meno. Maumivu hayakuwepo, ganzi ilishashika. Lakini sindano ilipoingia nilihisi jicho likibonyea, kisha mapovu meusi yakaanza kuogelea mbele yangu. Nikaonywa nisitie kitu chochote ila matone waliyonipa, hata maji ya bomba, maana uchafu ukiingia jicho litaoza.

Wiki iliyofuata mama mkwe alivuka mpaka kutoka Bukavu, Kongo, kuja kunipa pole. Jicho lilikuwa bado jekundu. Akawalaani madaktari wote, akatoka, akarudi na kikombe cha maziwa ya titi, ya jirani yetu aliyejifungua juzi. Kwao jicho bovu hutibiwa hivyo, na ukikataa umemtukana mzazi.

"Lala, mutoto wangu," aliniambia. "Maziwa ya muzazi haiwezi kuua muntu. Batoto bangu bote nilibatunza nayo."

Yalikuwa bado vuguvugu. Harufu yake ikanipanda puani, nikamchukia yeye, kikombe chake, na heshima yote niliyofundishwa. Nikalala. Kidole chake kikavuta kope yangu, kikombe kikainama.

Hapo nikaona unywele. Mmoja, mwembamba, umejikunja juu ya maziwa. Kwa miezi mingi sikuwa nimeona hata tundu la sindano ya cherehani.

Nilimshika mkono. Maziwa kidogo yakanimwagikia shingoni, yakateremka ndani ya blauzi, yakinata.

"Maman, kuko nywele ndani," nikamwambia.

Akapeleka kikombe dirishani, akatafuta, asiuone. Nikauchomoa kwa kucha, nikamwekea kiganjani. Kichefuchefu kilikuwa kimenijaa mdomo mzima, nami nalia kwa furaha.