Fundi Mmoja wa Sajini Gozbert

Sajini Gozbert hakuchoka kwa siku moja. Alichoka kidogo kidogo, kama kisigino cha kiatu kinavyolika. Alishuka kutoka Bukoba akiwa kijana wa misheni anayejua kusoma na kuandika, akaingia uaskari jela kwa kuwa ndiyo kazi iliyokuwa ikiandika watu wakati ule. Sasa mvi zimemjaa, watoto wamekua, naye bado yuko pale pale, kwenye gereza la nje ya mji upande wa Temeke, lililozungukwa na mikorosho na mashamba ya muhogo. Kazi yake haikuwa ya bunduki wala ya funguo. Bwana Jela, Mwingereza mpole mwenye maneno mengi, alimkabidhi karakana pamoja na mambo yote yaliyoitwa mafunzo: useremala, ushonaji, ususi wa mikeka, darasa la kusoma, shehe wa Ijumaa na padre wa Jumapili. Mtu aingie mwizi, atoke fundi. Ndivyo alivyopenda kusema Bwana Jela, kisha akarudi ofisini kwake kunywa chai, na kutenda akaachiwa Gozbert.

Na kutenda kulikuwa na vituko vyake. Mtu unamfundisha kushika randa miezi na miezi, ile anaanza tu kuielewa mbao, inakuja amri kwamba kuna majani ya kufyekwa kwenye nyumba za wakubwa, fundi wako anapewa fyekeo, anakwenda zake. Mbao zinaletwa mbichi. Cherehani ipo, sindano haipo. Mwalimu wa darasa, mfungwa aliyekuwa karani, anamaliza kifungo chake, na darasa linakufa siku hiyo hiyo. Gozbert alilalamika kwa adabu, Bwana Jela akasikitika kwa adabu, na kesho yake mambo yakawa yale yale.

Hayo angeyavumilia. Kilichomla roho ni kwamba, kati ya wote waliopita mikononi mwake, aliowaona tena ni wale tu walioharibikiwa. Hao walirudi na pingu, wakamwamkia kwa furaha kama watu waliotoka likizo. Kama wapo waliofanikiwa, walipotelea huko huko. Miaka yote ile hakupata kumwona kwa macho yake hata mtu mmoja anayekula kwa kazi aliyomfundisha yeye.

"Mama Ansbert," alimwuliza mkewe Auleria jioni moja, akivua viatu, "hivi mimi nafundisha watu au nawafuga?"

"Kula kwanza," Auleria alimjibu, akimsogezea ndizi. "Ukishiba utauliza vizuri."

Ndipo akaja Romani, Mmakonde wa Newala, aliyefungwa kwa kuvunja ghala. Kwao walikuwa wachongaji, na mkono wake ulishaujua mti kabla ya kuijua jela. Gozbert alimng'ang'ania. Kila amri ya kufyeka majani ilipokuja, alisema Romani anaharisha, mpaka Bwana Jela akaanza kumwonea huruma kijana yule kwa tumbo lake bovu. Kifungo chake chote, Romani hakushika fyekeo hata siku moja. Alipofika mwisho aliweza kuunga kabati zima bila msumari.

Useremala wa jela una desturi yake. Patasi ni chombo cha kazi, lakini pia inaua mtu. Kwa hiyo kila kazi ilipokwisha Gozbert alipiga makofi, akaita, "Vyombo!" Hapo kila mfungwa aliweka alichoshika chini mbele yake, akachuchumaa, mikono magotini, macho chini. Hakuna aliyenyanyuka mpaka Sajini apite, avitazame vyombo vyote, aseme, "Simama." Aliyetangulia kunyanyuka alikiona cha moto.

Romani alipokaribia kutoka, Gozbert alimwendea Albano, msimamizi wa karakana ya samani kule Kurasini, aliyesali naye parokia moja.

"Mtu wa jela?" Albano aliguna. "Sajini, mafundi wangu kila mmoja ana vyombo vyake, kavinunua kwa jasho lake. Wakijua, hapatakalika."

"Wasijue basi. Sema ni ndugu yako kutoka kusini."

Albano alikubali shingo upande. "Haya. Lakini siku wakijua, mie simo. Atakwenda zake."

Romani akaanza kazi. Mwezi ukapita, wa pili nao ukaenda, na jelani hakuonekana. Gozbert hakujiweza tena. Alitaka kumwona, basi, mara moja tu, amwone kasimama kwenye meza ya kazi kama mtu na kazi yake. Auleria alimwambia amwache mtoto wa watu. Hakusikia. Jumamosi moja alivaa shati la kanisani na kofia, akapanda baiskeli mpaka Kurasini.

Albano alimpokea kwa uso uliokunjamana kidogo, akawaambia mafundi huyu ni mzee wa parokiani. Romani alikuwa akimalizia mlango wa kabati. Alimwamkia shikamoo kama mgeni yeyote, akaendelea na kazi. Gozbert alipitisha kiganja kwenye ile mbao. Ilikuwa laini, na viungo vilikutana hata ukucha haupiti.  Alicheka peke yake kwa furaha, mzee mzima, mbele za watu asiowajua.

Mara king'ora cha bandarini kikalia, kazi imekwisha. Na Gozbert, moyo wake ukiwa mahali pengine kabisa, akapiga makofi. Sauti ikamtoka yenyewe:

"Haya, vyombo!"

Romani aliweka patasi chini, akachuchumaa. Mikono magotini, macho chini.

 Mafundi walimtazama Romani, wakamtazama mzee wa parokiani. Romani hakunyanyuka. Gozbert alijua hatanyanyuka mpaka aambiwe, na akimwambia, shaka yoyote iliyobaki itakuwa imekwisha. Alisubiri kijana azinduke, lakini wapi.

"Simama, Romani," alisema polepole.

Romani akasimama.

"Kumbe ni wa huko," alisema Mwishehe, fundi wa viti, wala hakusema kwa ubaya. Kisha akaanza kutia vyombo vyake sandukuni, akafunga kufuli. Wengine nao wakafunga.

Gozbert alimgeukia Albano. "Kosa ni langu. Kijana hana hatia."

Albano alilitazama kabati. "Amalize hili kwanza," alisema. "Halafu tutaona."

Romani alimsindikiza Gozbert mpaka barabarani, akimsukumia baiskeli. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Gozbert zaidi.

"Jumatatu nitarudi," Romani alisema. "Watanisema, watanifichia misumeno yao, mwisho watachoka. Mie nitakaa. Ila wewe usije tena, Sajini."

"Sitasema neno. Nitapita tu barabarani."

"Hata barabarani. Mie nikikuona, magoti yananitangulia."

"Sasa nitajuaje, mwanangu, unaendeleaje?"

Romani alitikisa kichwa. "Hutajua."

 Gozbert alipokea baiskeli. Romani akabaki kasimama mbele yake, visigino pamoja, mikono ubavuni. Haondoki. Ilimchukua Gozbert kitambo kuelewa kwamba kijana anangoja kuambiwa aende.

Safari hii hakutoa amri. Akapanda baiskeli yake, akaondoka yeye kwanza.