Binti wa Mkuu wa Shule Alivyotoka Dirishani

Mwaka ule nilikuwa Muyinga mjini, najifunza kushona kwa mama mmoja Mwislamu ambaye cherehani zake na televisheni yake vilikaa chumba kimoja. Kila Alhamisi alasiri kulikuwa na tamthilia ya vijana wa shule, ya Kifaransa. Mimi nimekulia Tanzania, Kifaransa changu ni cha kusalimia tu, kwa hiyo bosi wangu alinifasiria huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

Alhamisi hiyo ninayoikumbuka, sote tulikuwa bado tuna msiba. Wiki iliyotangulia kijana mpole kuliko wote katika ile shule alikufa kwa ajali ya gari, na bosi wangu alikuwa amekataa chai siku nzima.

Sasa binti wa mkuu wa shule, miaka kumi na sita, anataka kwenda kwenye sherehe. Baba yake anakataa. Binti anamtazama usoni, anamwambia: wewe si baba yangu.

Bosi aliinua mguu, cherehani ikanyamaza. "We umesikia? Mi ningesema vile kwa baba, leo mungekuwa munaniita marehemu."

Binti akapanda ghorofani, akavaa gauni ambalo bosi, kwa jicho la kazi, alisema ni fupi mno, kama limeliwa kitambaa chote cha chini. Akatoka dirishani, viatu mkononi. Akaangukia kwenye maua, akainuka bila hata jani kwenye nywele. Kule kwenye sherehe akamkuta mchumba wake anambusu msichana aliye rafiki yake mkubwa kando ya bwawa la kuogelea. Akamsukuma rafiki majini. Watu wakapiga picha kwa simu badala ya kumtoa. Ndipo mlango ukafunguka, na aliyeingia ni yule kijana tuliyemlilia, mzima, ana plasta moja ndogo juu ya nyusi. Akamwambia binti: mimi ni kaka yako.

Ikaishia hapo. Kilichotuzindua ni harufu: pasi ya mkaa ilikuwa imelala juu ya gauni la mteja, na ilipoinuliwa ikaacha alama nyeusi kifuani.

"Tutaweka mufuko pale," bosi alisema, bado anatazama matangazo. "Alizikwa, si tuliona sanduku?"

Jumapili nilikuwa nyumbani Mutaho. Baada ya ibada tulikaa uani kupukuchua maharage, mimi, mama na baba. Mama hajawahi kuiona tamthilia hiyo, lakini huifuata kupitia kwangu, na hataki niruke kitu. Nikamsimulia yote. Nilipofika kwa yule maiti aliyerudi nilingoja ashtuke. Hakushtuka. Alichokishika ni dirisha.

"Msichana anatoka dirishani," alisema. "Kama mwizi. Na wazazi wamemlipia shule."

"Mama, kuna mtu amefufuka."

"Huyo labda hospitali walikosea. Lakini huyu wa dirishani alifanya kwa akili zake. Mtoto niliyemzaa mimi asingeweza."

Baba alikuwa ameinamia maharage yake tangu tukae. Aliliweka ganda chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Yeye angalau alikuwa na dirisha," alisema.

Mama alimtazama jicho moja kali sana. "Mzee, acha."

"Mtoto ni mtu mzima, acha asikie." Akanigeukia. "Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, tulipewa maturubai ya kujengea. Nyumba ya bibi yako haikuwa na dirisha, ilikuwa na mlango mmoja tu, na siku hiyo bibi yako alikaa pale mlangoni anapukuchua mahindi. Kulikuwa na harusi upande wa pili wa kambi, wenye redio kubwa. Mama yako alikuwa amekatazwa. Akachukua wembe."

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Huyu ni mama anayenyamazisha watoto kanisani kwa kukohoa tu. Huyu aliwahi kunirudisha ndani nibadilishe sketi, nami nimeshavuka miaka ishirini.

"Akachana turubai kwa nyuma," baba aliendelea, "mchana kweupe. Mimi nilikuwa nangoja karibu na vyoo. Akatoka kichwa kwanza, kama ndama."

"Uongo," mama alisema. Kisha, taratibu zaidi: "Si kichwa kwanza. Mguu."

Nilimwuliza mama, bibi alisema nini alipoliona tundu. Mama alipukuchua maganda kadhaa kabla ya kujibu. Bibi alisema ni panya. Alishona lile tundu kwa uzi wa gunia, na siku ya mgawo aliwafokea watu wa maturubai mbele ya kambi nzima kwamba wameleta vitu vibovu vinavyoliwa na panya. Mama alikuwa amesimama ubavuni kwake, amebeba ndoo, anaitikia kwa kichwa.

"Akapewa turubai jipya," baba alisema.

Nilicheka mpaka ungo ukamwagika. Mama hakucheka. Aliokota maharage yaliyoingia vumbini, moja moja, akayapuliza.

"Mama yangu amezikwa kule kule kambini," alisema, "na hakuwahi kujua. Nilikuwa nasema nitamwambia nikishakuwa na mtoto wangu wa kike, tucheke naye." Akarudisha maharage kwenye ungo. "Sasa yule mkuu wa shule, binti akirudi atamfanya nini?"

"Sijui, Mama. Iliishia kwa yule kijana."

"Asimpige."

Alhamisi iliyofuata, tamthilia ilipoisha, nilitoka nje ya chumba cha cherehani, nikampigia mama simu. Nikamwambia mkuu wa shule alimkuta binti yake jikoni na gauni limelowa, akakaa naye kimya, akampa taulo. Mama aliguna kidogo. Nikasikia sauti ya baba kwa mbali, anataka kujua yule marehemu alikula nini wiki nzima aliyokuwa kaburini.

"Mwambie anyamaze nisikie," mama alisema, sijui akimwambia nani. "Haya, hilo taulo. Alimpa, au alimtupia?"