Picha ya Bibi Tuliyoichora kwa Uji wa Muhogo

Tuliokulia Kihonda kabla nyumba hazijabanana hivi hatuwezi kuzisahau Jumamosi zetu za kuchora. Mzee Kibwana, mchora vibao vya maduka, alitukusanya asubuhi kwenye banda la bati lililokuwa stoo ya mahindi: fundi cherehani, mama mmoja muuza vitumbua, na sisi watoto tulioletwa pale ili tusizurure. Sote tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Kikundi hakikuwa na jina. Au kilikuwa nalo na mimi nimesahau, wenzangu wanisahihishe.

Rangi tulitengeneza wenyewe. Nyekundu ilikuwa udongo wa kingo za barabara, nyeusi mkaa, njano ni ile manjano ya jikoni, na kijani tulitwanga kisamvu mpaka mikono ikanuka siku mbili. Vyote tulivikoroga kwenye uji wa unga wa muhogo ili vigande. Brashi ni kijiti, unatafuna ncha. Karatasi ni mfuko wa saruji, upande wa ndani. Tukishamaliza tunaanika kwenye kamba ya nje, na hapo ndipo mbuzi wa jirani walipotuweza, maana uji ni uji hata ukiwa na rangi. Siku moja walikula milima ya Uluguru yote, wakatubakizia mawingu.

Watoto wa leo wananunuliwa rangi za boksi, halafu wananuna kwamba buluu imekauka. Lakini haki isemwe, wanachora vizuri kuliko sisi. Milima yetu ilifanana na fungu la viazi sokoni.

Desturi moja ya pale ilinitesa. Katikati ya somo Mwalimu alipiga makofi na kusema, "Hameni!" Hapo unaacha picha yako ilipofikia, unasogea nafasi moja, unaendeleza ya mwenzako. "Hapa hakuna picha ya mtu," alikuwa akisema, "kuna picha ya benchi." Wengine walilifurahia jambo hilo. Mimi nilianza kuifunika picha yangu kwa kiwiko kabla hata hajainua mikono.

Nilikuwa darasa la nne bibi mzaa mama alipoteremka kutoka Mgeta, kule milimani, kuja kutibiwa macho. Alikaa kwetu wiki mbili. Mpiga picha wa mtaani alipopita, bibi alijifunika khanga akasema lile lidude linamulika kama radi, halimpati ng'o. Maishani mwake alikuwa hajapigwa picha hata moja. Basi nikamwomba nimchore mimi. Akakubali. "Unichore vizuri, mjukuu wangu. Jumapili naondoka, nataka nijione kwanza."

Ikabaki Jumamosi moja tu.

Siku hiyo alinisindikiza mpaka mlangoni, akasalimiana na watu, akarudi nyumbani. Nilianza na khanga, nikaja kwenye macho, nikaja kwenye mdomo. Bibi hakuwa na jino moja la mbele, na mbele za watu akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Kwa heshima nikamfumba mdomo. Nilikuwa nahangaika na kidevu makofi yakalia.

"Mwalimu, mimi leo nisihame, naomba."

"Kwani leo benchi limekuwa lako?"

Nikahama. Nafasi yangu alikaa Zuhura, mtoto wa fundi cherehani, rafiki yangu wa damu, aliyekuwa akishinda kwetu na bibi. Sikuchora chochote kwenye picha niliyopewa. Nilikuwa nageuka nyuma kama kuku aliyeona mwewe. Mara nikasikia wenzangu wanacheka.

"Zuhura, umemfanya nini bibi yangu?"

"Nimemchekesha. Wewe ulimnunisha kama kalishwa kwinini."

Alikuwa amemfungua mdomo, na pale mbele ameweka pengo kwa mkaa.

"Kibogoyo huyo!" mmoja akasema kutoka nyuma.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nilichovya kidole kwenye mkaa nikaupaka ule mdomo wote, nikapaka tena, mpaka mfuko ukalowa ukachanika na kidole kikatokea upande wa pili. Mwalimu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa utampelekea nini?"

Nyumbani bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananingoja. "Iko wapi sura yangu?"

"Mbuzi wamekula, bibi."

Aliniangalia. Kisha akacheka mpaka machozi, kichwa nyuma, mikono yote miwili magotini, bila kufunika kitu. "Basi leo wamemla Mluguru mzima, watakoma!" Nikauona uso wake. Ulikuwa ni uleule alioumalizia Zuhura, hata mkunjo wa kando ya pua.

Jumapili akapanda kurudi Mgeta. Masika yalipoanza akafariki, na hakuna aliye na sura yake popote.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba Zuhura aliiharibu picha. Si kweli, niliharibu mimi. Nilipokutana naye Mikese anakouza mkaa, nilimwomba radhi pale pale barabarani. "Shoga, hilo bado unalo moyoni?" akasema, akanipa kigoda. Yeye alikwishasahau. Nilitamani angekasirika kidogo.

Siku hizi Kihonda kuna kikundi kingine cha kuchora, na binti yangu Neema anakwenda. Sisi tulimchora mtu kutoka kichwani. Wao wanamchora kutoka kwenye simu, tena jina la mchoraji linaandikwa pembeni hata kabla pua haijachorwa. Juzi alitakiwa apeleke mchoro wa mtu wa nyumbani. Akanipiga picha nyingi nikipepeta mchele, tukakaa kuchagua.

"Hii nafuta, mama. Umecheka vibaya, fizi zote nje."

"Iache. Chora hiyohiyo."

"Watu watakucheka."

"Wacheke."

Aliniangalia kwa huruma, nami nikajua hana ubaya, anataka niheshimike. Akaingia chumbani na simu yake. Sisi tulikuwa na mfuko mmoja wa saruji. Yeye anazo picha nyingi, na kufuta ni kugusa tu. Tangu juzi napita mlangoni kwake mara naokota hiki, mara nauliza kile, na bado sijathubutu kumuuliza amechora ipi.