Halidi Hana la Kuuliza

Mwanangu, kuna siku moja ya Mahajanga, mji wetu wa bandari nchini kwa Wamalagasi, inayonirudia kila nionapo watu wazima wamekaa kumjadili kijana. Tulikuwa mtaa wa Tanambao, uani kwa mama yangu mdogo, Zainaba. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nesi mmoja wa Kimalagasi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi juu ya UKIMWI, ugonjwa ambao wengi wetu tuliudhani ni wa nchi za watu. Alikunywa chai yake, kisha akauliza: katika vijana wenu, ni nani mnayemhofia?

Wote wakanigeukia mimi.

"Huyo hapo!" jirani mmoja alisema. "Jana karudi kutoka Ambanja hana hata viatu. Ugonjwa ukifika Tanambao, utakuwa umepanda gari moja na yeye."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Siwalaumu. Shule niliiacha mapema. Nilivuta rikshoo mjini, nikapakia mizigo bandarini Antsahampano kwenye maboti ya kisiwa cha Nosy Be, na niliwahi kuvuka ghuba kwenda Katsepy kwa sababu tu nilitaka kujua watu wa ng'ambo wanapika nini. Nililala popote usiku uliponikuta. Mtu yeyote angenitazama angebashiri mwisho wangu.

"Na yule?" nesi akauliza, akionyesha kibanda cha pembeni mwa ua.

Kibanda kile kilikuwa cha Halidi, mtoto wa Mama Zainaba. Sisi watu wenye asili ya Ngazija, mtoto wa kiume akishabalehe halali tena ndani na dada zake. Hupewa chumba chake, na mlango wake. Mlango wa Halidi ulifungukia uchochoroni. Alikuwa muuza vitambaa dukani, mpole, hakosi sala, sauti yake ukiisikia ujue umemwita.

"Halidi hatoki," alisema Mama Zainaba. "Akifunga duka ni nyumbani."

"Vizuri. Na akiwa na swali la mambo haya, anamwuliza nani?"

Mama Zainaba alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya wageni. "Halidi hana la kuuliza," akasema, na kumwongezea chai.

Hapa nikueleze kitu, usije ukamwona mama yule mbaya. Kwetu, mzazi na mwanawe hawatamkiani maneno ya kitandani. Ni heshima. Kazi hiyo ilikuwa ya babu na bibi, na walitumia utani. Bibi humwita mjukuu "mume wangu", humwonea wivu, humhoji mbele ya watu, na katikati ya kicheko kijana huambiwa yote ambayo baba yake hawezi kuyasema. Lakini Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, alihamia Nosy Be baada ya machafuko ya miaka ya sabini, Wangazija waliposhambuliwa na wengi wakaondoka Mahajanga, na hakurudi. Ule ua wa Tanambao ukabaki na heshima tupu. Watani hawakuwepo.

Mimi mzururaji nilimpata Koko kwa sababu ya miguu yangu. Kila nilipovuka kisiwani nilikwenda kwake, alikokuwa akitengeneza achari ya maembe, mikono imemgeuka rangi ya manjano.

"Mume wangu huyo! Umelala wapi?"

"Bandarini, Koko."

"Sikuulizi jengo. Nakuuliza na nani." Majirani wakaanza kucheka. Akanyanyuka, akafungua bati la biskuti, akanitupia paketi ya kondomu alizopewa zahanatini. "Tia mfukoni, uzitumie. Mimi nimeshafiwa na mume mmoja, sitaki kuwa mjane tena."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini nilizichukua. Na siku nyingine nilikwenda mwenyewe na swali langu, nikilipitisha katika mzaha kama alivyonizoeza, naye akanijibu bila mzaha.

Miaka michache baadaye, Halidi alianza kukonda. Mama Zainaba alisema ni malaria, kisha akasema ni jicho baya. Hospitali ikasema neno jingine, na tangu siku ile jirani wa viatu hakuja tena kunywa chai. Siku hizo dawa zilizopo leo hazikuwa zimetufikia. Halidi akaomba apelekwe kwa Koko, ambaye alimfahamu kwa picha kuliko kwa kuonana naye. Nilimbeba mgongoni kumpandisha boti pale Antsahampano. Mwanangu, nimebeba magunia mengi mahali pale, na hakuna lililokuwa jepesi vile.

Koko alitungoja mlangoni. "Mume wangu," akamwambia, "umechelewa hivi, ulikuwa kwa nani?"

Halidi hakujua utani ule unajibiwaje. Akainamisha kichwa na kumwamkia, "Kwezi, Koko," kama unavyomwamkia mtu usiyemzoea. Nilimwona Koko akishika mwimo wa mlango.

Halidi aliuzoea utani taratibu, akiwa amelala, Koko akimlisha uji. Siku moja mchana, mimi nipo na Mama Zainaba, aliyetufuata kumwuguza, yupo, Halidi alisema, "Koko, nina swali."

"Sema, mume wangu."

"Mtu anajuaje kama mwenzake anao?"

"Hajui. Mpaka wapime."

"Mimi nilimtazama," Halidi akasema. "Alikuwa msafi, ana afya, anaongea kwa adabu. Nikajua hana. Sikuwa na mtu wa kumwuliza, basi nikamtazama tu."

Mama Zainaba akaanza kulia. Alisema kwamba wao hawakuona dalili yoyote, kijana alikuwa mtulivu, hatoki, kila mtu alijua ni mimi wa kuchungwa. Koko aliweka chini bakuli la uji.

"Na sisi tulimtazama yeye vivyo hivyo," alisema. "Msafi, ana afya, anaongea kwa adabu. Tukajua hana neno. Usimlilie kwa kosa lake, Zainaba. Kosa lake tulimfundisha sisi."

Tulimzika Halidi huko huko kisiwani. Mama Zainaba aliporudi Mahajanga alitaka kibanda kivunjwe, lakini alipofika mlangoni hakuweza. Mpaka leo kipo, kimejaa kuni.

Maneno haya yalisemwa kwa Kingazija na Kimalagasi. Mimi nakupa kwa Kiswahili nilichookota katika kuzunguka kwangu, maana nataka yafike mbali. Usimbashiri mtu kwa nguo, kwa upole wala kwa sala zake, na usimruhusu mtu akubashiri wewe. Ukitaka kujua ni kijana gani yuko hatarini, angalia kama ana mtu mzima wa kumwuliza bila kuogopa. Asiye naye ndiye wa kumhofia, hata kama halali nje. Wewe usimpime mwenzako kwa macho. Nendeni wote mkapimwe, na kondomu itumike. Ukikutwa nao, si aibu wala si mwisho. Dawa siku hizi zipo, na aliyejua mapema anaishi, analea, anazeeka. Halidi hakupata nafasi hiyo. Na kama nyumbani kwenu hakuna mtani, njoo kwangu. Nimeshakuwa mzee, nami sioni haya.

Mungu akujaalie mtu wa kumwuliza, mwanangu, na ukifika umri wangu akufanye wewe mtu wa kuulizwa.