Mtambo wa Loutfia

Loutfia wa Mutsamudu aliyajua maua ya mlangilangi kama mama amjuavyo mwanawe, na akili ya biashara Mungu hakumnyima. Zama zile askari wa kukodiwa wa Kizungu walikuwa wameitia nchi mfukoni, na kila penye mnofu palikuwa na mkono wa Mzungu. Yeye alitaka mtambo wake mwenyewe wa kukenekea maua yawe mafuta ya manukato, kule kijijini Patsy, asiuze tena maua mabichi kwa bei ya kutupa.

Akapanda meli hadi mji mkuu, Moroni, kwenye ofisi ya kuwashauri wafanyabiashara wazalendo. Mshauri, Oumouri, alikaa naye kutwa wakipanga kuni zitoke wapi na mafuta yauzwe kwa nani. Mwisho akamtaka aandikishe mtambo kwa jina lake Loutfia mwenyewe. Loutfia alichukia. Kaka yake Inzoudine ndiye mlinzi wa nyumba yao. Mwanamke kumruka kaka yake ni kumvua nguo hadharani. Kisomo kimemharibia huyu adabu, alijiambia. Mtambo ukaandikwa jina la Inzoudine.

Kazi ilishika kasi. Loutfia alishinda kwenye moshi, mikono ikababuka, mafuta yakasifiwa hadi ng'ambo. Mchumia juani hulia kivulini, lakini hapa mmoja alichuma na mwingine akala. Inzoudine alifika Ijumaa tu, kula wali.

Kisha akataka harusi kubwa, ile inayomfanya mwanamume ahesabiwe mtu mjini. Dhahabu ya bibi harusi aliipata upesi: alimuuzia kamanda mmoja Mzungu ule mtambo, dada yake hana habari. Asubuhi Loutfia alikuta mlinzi mwenye bunduki kwenye mlango wa mtambo.

Akarudi kwa Oumouri akilia. Oumouri akasoma hati, akatikisa kichwa.

"Nilikwambia, dada. Sheria haimjui aliyeungua, inamjua aliyeandikwa."

Halafu, kwa upole kabisa, akampa ushauri wa pili: kamanda anatafuta mwanamke wa kusimamia wachumaji, basi awahi kuomba.

Siku ya harusi wanawake walimngoja dada wa bwana harusi afungue vigelegele, kwani bila yeye shughuli haianzi. Loutfia alisimama, moyo umejaa chuki. Mama yake akamfinya mkono.

"Usituaibishe, mwanangu. Leo kaka yako amekuwa mwanamume."

Loutfia akapiga kigelegele kirefu. Watu wakasema hawajapata kuona dada mwenye furaha kama yule.