Pale Waliposimama Yangeyange

Harufu ilikuwa ya ngozi mbichi na chokaa, na chini yake kitu kama yai viza. Ndani ya harufu hiyo rafiki yangu Dama alikuwa amezama hadi kifuani, mikono yote miwili juu, ameinua kamera ya mjomba wake kama mtu anayevuka mto na mzigo kichwani. "Shika hii kwanza, Kadzo," akaniambia. "Ikiingia uchafu Mjomba ataniua." Nikalala kifudifudi pale palipokuwa pagumu, nikanyoosha mkono, nikaudaka mkanda wa kamera, nikajivika shingoni. Kisha nikafungua leso yangu kiunoni nikamrushia ncha. Akaishika. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kilichokuja ni leso tupu, maana mikono yake ilijaa mafuta ya ngozi na kitambaa kiliteleza. Nikarusha tena, ikateleza tena, na safari hii uchafu ukawa umemfika mabegani. Hakulia. Alinitazama kwa namna ya kunihimiza tu, akasema, "Kimbia ukaite watu, wee! Mimi nipo hapa hapa, nitakwenda wapi?" Na mimi nikakimbia. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia, na alikuwa anafanya mzaha.

Nianze nyuma kidogo, msomaji anielewe. Tulikuwa watoto wa kike wa Mikindani, mimi na Dama, nyumba zetu zikipakana, baba zetu wote wawili vibarua wa bandarini, mama zetu wakiuza kuni na kaa waliowatoa mikokoni. Mjomba wake Dama, Mjomba Karisa, alikuwa mpiga picha wa mtaa. Alipiga maharusi, alipiga watoto wa kipaimara, na nyuma ya nyumba alikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Dama alikuwa mwanafunzi wake bila mtu kumwita hivyo. Alijua kupima mwanga kwa kukunja jicho, alijua kushika pumzi kabla ya kubonyeza. Lakini hakutaka maharusi. Alisema maharusi husimama kama milingoti. Alitaka ndege, na hasa alitaka yangeyange anapotua, mabawa bado wazi, miguu ikiligusa tope. Aliniambia akikua atakuwa na chumba chake cha kupigia picha, na mimi nitakuwa wa kupokea wateja kwa sababu nina maneno mengi.

Likizo ile Mjomba Karisa aliteguka mguu, na ndani ya kamera kulikuwa na picha za ubatizo ambazo wenyewe walikuwa wakija kuziulizia kila kukicha. Filamu ilikuwa haijaisha, na zamani zile filamu isiyoisha haikuoshwa, labda mtu awe tajiri. Basi akatuita, akampa Dama kamera na mimi baisikeli yake, akasema, "Nendeni mkazunguke kisiwa mkaimalize. Pigeni ndege, pigeni bahari, pigeni chochote ambacho hakitakuja mlangoni kunidai picha zake. Lakini mkiniletea picha za vidole vyenu, nitawachapa na mguu huu huu mbovu." Tulicheka mpaka Changamwe. Mimi naendesha, Dama amekaa nyuma, kamera kaifumbata kama kitoto kichanga.

Sijawahi kuwa na siku nyingine kama ile, na nasema hivyo nikijua nimeishi siku nyingi. Tulipita Makupa maji yakiwa yametoka, matope yakimeta pande zote mbili za barabara, na korongo wakubwa wenye vipara wamesimama kwenye takataka kama wazee wa baraza. Dama akampiga mmoja, akasema anafanana na mwalimu wetu wa hesabu. Tudor tukamwona mdiria wa buluu juu ya waya, akaruka kabla kidole hakijashuka. Tukabaki na picha ya waya. Mji wa Kale tukapita vichochoro vyenye kivuli na harufu ya udi, na kwenye kona moja mama mmoja aliyekuwa akikaanga bajia akatuona tunamlenga kunguru ukutani. "Mwapiga picha kunguru, wanangu? Basi mpigeni vyema huyo mwizi, nimpeleke polisi, bajia yangu i mdomoni mwake!" Akatupa bajia moja moja, akatuambia tumsalimie mama zetu ambao hawajui. Kule kwenye mnara wa taa tukakaa juu ya miamba, upepo unatupiga usoni, tukapiga mandhari ya maji mpaka upande wa Likoni, na shakwe wakipita chini yetu, tukaona migongo yao. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kumwona ndege kutoka juu. Lakini kila yangeyange tuliyemwona alitukimbia. Jua lilipoanza kulegea, Dama alikuwa amebakiza picha chache mwishoni mwa filamu, na uso ameukunja.

Kurudi, baada ya Changamwe, tukaiacha barabara tukashika njia ya mkato ya mikokoni, ile iliyopita nyuma ya kiwanda cha ngozi. Sisi sote tuliipita. Hapakuwa na ua. Narudia, kwa sababu ndilo neno lililoniweka miaka yote hii: hapakuwa na ua, hapakuwa na waya, hapakuwa na kibao wala fuvu la kuchorwa. Pembeni mwa njia palikuwa na uwanja wa kijivu, umekauka juu, umepasukapasuka kama ukoko wa wali, na juu yake walikuwa yangeyange wengi, weupe kabisa, wanadonoa funza bila kumwogopa mtu. Dama akanishika bega. Akaiacha njia, kamera mkononi.

Sasa, watu wa mjini waliuliza baadaye ni mtoto gani mwenye akili anayekanyaga shimo la uchafu. Nitawajibu. Mama zetu walipotupeleka mikokoni walitufunza jambo moja kabla hawajatufunza kupika: tope la mikoko lina pagumu na lina pa kumeza mtu, na kwa macho ya binadamu hapana tofauti, kwa hiyo mtazame ndege. Yangeyange ukimwona miguu yake yote mpaka vidole, pale pagumu, kanyaga. Ukimwona amezama magotini, zunguka. Tulitembea hivyo tangu tumejua kutembea na hakuna tope lililowahi kutudanganya. Siku ile walisimama na vidole vyao vyote nje. Dama aliangalia kwanza, nilimwona akiangalia, na mimi nikaangalia pia. Tulifanya kama tulivyofunzwa. Lakini lile halikuwa tope la Mungu. Lilikuwa shimo la maji ya kiwanda, nywele na mafuta na chokaa, limeganda juu tu, na ukoko uliomtosha ndege haukumtosha mtoto wa darasa la sita.

Nilipofika kwenye lango la kiwanda, soja wa zamu aliyeitwa Charo alinielewa papo hapo. Alitaka kufungua ghala la kamba na mbao, lakini ufunguo ulikuwa ofisini kwa meneja. Tukamkimbilia. Meneja aliitwa Sostenes. Nitaliandika jina lake kila nitakapopata karatasi. Nilikuwa nalia, nimejaa uchafu, nasema rafiki yangu anazama, na yeye akatazama shingoni mwangu.

"Hiyo kamera ni ya nani?"

"Bwana, mtoto yuko shimoni," Charo akamwambia. "Nipe ufunguo."

"Nimeuliza kamera ni ya nani. Nani amewatuma kupiga picha kiwanda changu?"

"Tulipiga ndege," nikasema. "Wallahi, tulipiga ndege tu!"

"Ndege gani wa kupigwa picha kwenye maji machafu? Sema aliyekutuma, ndipo ufunguo utoke."

Mimi ni Mkristo, sijui kwa nini niliapa kwa kiapo cha majirani. Nadhani nilikuwa natafuta neno lolote litakalomfungua yule mtu. Akanivua kamera, akafungua mgongo wake pale pale dirishani, akaivuta filamu yote nje kwenye jua. Alifanya kwa utulivu, kama mtu anayemenya chungwa. Ndipo akatoa ufunguo. Tulipofika na mbao, yangeyange walikuwa wamerudi, na juu ya ukoko palikuwa na tundu ambalo lilikuwa limeanza kujifunga.

Siku tuliyomzika Dama, vibarua wa kiwanda walikuwa wanasimika nguzo. Ua ulipokwisha, Sostenes akaita watu, akasema ua ulikuwepo siku zote, ila watoto waliukata ili waibe ngozi. Na Mzee Lugo, mwenyekiti wa mtaa wetu, aliyekuwa akipita njia ile kila alfajiri kwenda shamba lake, akasimama mbele ya jirani zake akasema naam, ua alikuwa akiuona. Kabla ya mvua kuanza, mwanawe akawa ameajiriwa kiwandani. Charo alipojaribu kusema aliambiwa arudishe sare, akaenda zake kwao Kaloleni. Mama yake Dama aliitwa mama wa mwizi mpaka alipokufa, na alikuwa haitikii, anageuza uso tu. Mimi niliitwa mwizi mwenzake. Shule niliiacha mwaka ule ule, kwa sababu kila kitu kikipotea darasani macho yalinigeukia. Nimefua nguo za watu maisha yangu yote. Vidole vyangu vimechakaa, lakini bado vinakumbuka leso ilivyoteleza.

Leo kiwanda hakipo. Shimo lilijazwa kifusi, likauzwa viwanja, na sasa kuna vyumba vya kupanga, safu kwa safu, vilivyojaa watu waliotoka bara kutafuta kazi. Mvua ikinyesha, sakafu zinatoa ile harufu, na wapangaji huambiwa ni choo cha jirani. Watoto wanaruka kamba juu yake. Kila mmoja wa kaka zao ana kamera ndani ya simu, anapiga chakula, anapiga viatu, na mimi hufikiri kwamba picha moja tu ya hizo, mahali pale bila ua, ingetosha zamani zile. Halafu najisahihisha. Nimeona wanachosambaza siku hizi, mabaya yaliyo wazi kuliko letu, watu wakatazama, wakasikitika, wakaendelea na safari. Simwambii mtu kwamba dunia imekuwa bora. Tulikuwa na mikoko na ndege tuliowaamini. Siku hizi yangeyange wanafuata malori ya taka, na hakuna mtoto anayefunzwa kuwatazama miguu.

Mzee Lugo amekwisha kufa na uongo wake. Lakini wewe, Sostenes, ungali hai. Najua unaishi Nyali, najua kanisani wanakupa kiti cha mbele, na najua una wajukuu wa kike. Sitaki pole yako. Nataka uje Mikindani mchana, watu wakiwepo, usimame kwa miguu yako useme ua haukuwepo na Dama hakuwa mwizi. Kisha unijibu mimi, kwa sababu nilikuwa mbele yako nalia: ulipokuwa unaivuta ile filamu, ulimsikia akiita? Dirisha lilikuwa wazi, Sostenes. Ulimsikia?